Jibu: Binti amemaliza sheria, asome tena uchumi?

Kaka, umeuliza kama binti yako atapoteza muda akiongeza uchumi juu ya sheria, maana hapo Tanga hujaona mtu anayekula kwa mchanganyiko huo. Umeuona, hujautambua tu.

Jumatano ya kwanza ya mwezi pita kituo chochote cha mafuta asubuhi, tazama bango la bei. Tarakimu zimebadilika. Ile bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa anayoruhusiwa kuuza mwenye kituo, inayopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, imepita mikono miwili. Mchumi kajumlisha bei ya soko la dunia, gharama za meli, kodi, faida ya muuzaji na nauli ya lori. Ndiyo maana Lushoto lita ni ghali kuliko hapo mjini, penye bandari. Mwanasheria naye anahakikisha amri ya bei hiyo imesimama juu ya sheria, kwa sababu mfanyabiashara asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani, chombo kinachosikiliza rufaa dhidi ya wadhibiti, na huko hesabu tupu haikuokoi.

Hata Marekani, walioongoza kuiondoa serikali kwenye kupanga nauli za ndege mwaka 1978 walikuwa mchanganyiko huohuo: Alfred Kahn mchumi, Stephen Breyer profesa wa sheria, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Ila nafasi za kazi hizi za udhibiti ni chache, na nyingi ziko Dodoma na Dar. Amalize uwakili kwanza, kisha ajaribu LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, TCRA, wa mawasiliano, hata Tume ya Ushindani, inayolinda ushindani wa biashara. Halafu niambie, hesabu za kidato cha nne alipata ngapi? Wanasheria wengi tunakwama hapo.