Kumtembelea rafiki Nairobi: jibu kwa dada wa Moshi

Dada yangu, nimekuelewa: una siku tano za likizo mwezi ujao, rafiki uliyesoma naye amehamia Nairobi kikazi na anakualika, nawe, kwa kuwa hujawahi kuvuka mpaka, unahofia kukwama Namanga na kumlemea mwenyeji wako.

Mpaka usikutishe, kwani raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Kenya, na taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa katika kituo kimoja. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kadi ya homa ya manjano, ambayo wengi huikumbuka wakiwa wameshapanda basi. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo ishughulikie wiki hii, na ikiwa una ujauzito au maradhi ya kudumu, muone daktari kwanza.

Usibadilishe fedha kwa watu wanaozunguka nje ya basi. Mimi nilipunjwa hivyo, nikamtegemea rafiki yangu hata kwa nauli, jambo lililoniumiza sana.

Muulize mapema ni siku zipi hatakuwa kazini, kisha mojawapo muitenge kwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ambako simba na vifaru huonekana huku maghorofa ya jiji yakiwa nyuma yao. Ingieni asubuhi na mapema, na ubebe pasipoti, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio nafuu. Akiwa kazini, Makumbusho ya Taifa unaweza kuyatembelea peke yako. Mpelekee pia kahawa ya nyumbani Kilimanjaro.