Bwana Shamba Anajibu: Vijiti vya Uingereza

SWALI: Assalam alaykum Bwana Shamba. Binti yangu kaolewa yuko Leicester, Uingereza, wana kiuwa kidogo nyuma ya nyumba. Kaagiza miti ya matunda, blakikaranti na rasiberi, imefika kwenye boksi Januari hii, kanionesha kwa WhatsApp, wallahi ni vijiti vitupu, jani hakuna, udongo hakuna, mizizi iko nje imeviringwa plastiki. Nkamwambia umeibiwa mwanangu. Na huko baridi inakata, asubuhi ardhi imeganda. Apande au arudishe? Na ikishika, aniletee na mie michache akija Machi?
Mama mwenye wasiwasi, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam mama, muuzaji msimwandame bure, hajaiba kitu. Miti hiyo ikifika baridi hupukutisha majani yote ikalala, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, na ikishakuwa haina majani haipotezi maji mengi, ndo maana wenzetu huing'oa wakaikung'uta udongo wakaitia kwenye boksi na haifi. Tena hivyo bei inakuwa nafuu kuliko mti wa kwenye chungu.

Kinachoiua ni mizizi kukauka, sana sana kwa upepo. Kwa hiyo asiifungue akaiacha uwani huku anatafuta chepe. Mizizi aitie kwenye ndoo ya maji kwa muda wa saa moja au mbili, halafu apande. Ardhi ikiwa imeganda au imejaa maji asilazimishe, aizungushie mizizi gunia bichi aiweke bandani siku chache, au achimbe kijishimo pembeni palipo laini ailaze upande na kuifukia mizizi mpaka hali itulie. Ukiwa ule mgando mwembamba wa asubuhi tu unaoyeyuka mchana, basi apande mchana huohuo.

Sasa hapa asikilize vizuri kwa sababu hiyo miti miwili haipandwi sawa. Blakikaranti, lile tunda la Ribena, kwenye shina atakuta alama ya pale udongo ulipokuwa unafika zamani, azamishe kama sentimita 5 chini ya alama ile ili machipukizi yatoke chini ya ardhi, ashindilie kwa mguu, amwagie maji hata kama kumeshanyesha. Mti hadi mti mita moja na nusu. Halafu akate vijiti vyote abakize kama sentimita 5 juu ya udongo. Najua atakupigia simu kulalamika, vijiti kanunua kwa pesa yake anaambiwa akate! Akate tu, kichaka kitatoka na nguvu, ila mwaka huu asitarajie tunda kwani blakikaranti huzaa zaidi kwenye tawi la mwaka uliopita. Rasiberi yeye hataki kuzamishwa, mizizi ifunikwe kama sentimita 5 tu, na kijiti kikatwe kibaki sentimita 25 hivi.

Kuhusu Wete, hapana mama. Blakikaranti bila baridi ya wiki nyingi haiamki sawasawa wala haitoi maua, na kwetu hata kipupwe usiku ni nyuzi joto 20 na ushei. Tena mmea wa nje unataka kibali na cheti cha afya ya mimea, si kitu cha kusokomeza kwenye begi katikati ya mabiskuti, ukapitisha ugonjwa ukaja kutumalizia mashamba.

Na tafadhali usije ukauiga mtindo huu kwa mikarafuu. Mkarafuu hauachi majani, haulali, na mizizi yake haitaki kuguswa, ukiubeba bila udongo wake umeua. Mche utoke kitaluni na pakiti yake, plastiki uichane taratibu shimoni, ufunike kivuli cha makuti au uupande karibu na migomba. Mchungwa vilevile, usiung'oe.

Wa kubebwa mizizi mitupu hapa kwetu ni mgomba. Chukua mtoto wa mgomba mwenye majani membamba kama upanga, mkate mizizi iliyooza, mchunguze tunguu lake kama halina matobo ya fukusi, likiwa nayo tupa usihangaike kulisafisha. Binti akifika Machi mwishoni masika ndo yanaingia, mpe jembe achimbe shimo, atie samadi iliyokwisha kuoza, mpande pamoja.