Muulize Mwalimu: Majaruba ya Watumwa South Carolina

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu yuko Charleston, Marekani. Amenitumia picha aliyopiga kutoka kwenye ndege, kinamasi kimekatwakatwa miraba. Anasema ni mashamba ya mpunga ya watumwa. Mpunga si ulishaoza zamani? Wale watu wameacha nini? – Msomaji, Ifakara

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpunga umeoza, matuta yapo. Kila tuta hapo pichani lilijengwa kwa majembe na mikono, watu wamezama kwenye tope, wengine wametekwa nchi za mpunga kama Sierra Leone. Bahari ikijaa, mto unarudi nyuma na maji yasiyo na chumvi yanapanda. Walikuwa wakifungua mlango wa mbao kwenye tuta, yanaingia jarubani. Yakipwa, waliyatoa. Watalii hupelekwa kuona jumba la bwana shamba. Kwangu mimi, jengo kubwa pale ni tuta.

Ila kilichonigusa zaidi ni nyumba za watumwa wenyewe. Mwaka 1979 wanaakiolojia walichimba mashamba mawili ya wilaya ya Berkeley, hukohuko South Carolina: Yaughan na Curriboo. Hawakukuta ukuta hata mmoja. Walikuta mistari ya udongo wenye rangi tofauti, imenyooka: mitaro iliyosimikwa miti ya kuta, zikakandikwa. Pembeni kuna mashimo walikochimba udongo, baadaye yakajazwa taka. Nilipouona mchoro ule nilikaa kimya. Nyuma ya nyumba ya bibi yangu shimo la namna hiyo lilikuwepo, tukimwagia majivu na vigae.

Na vigae ndivyo vingi huko: vyungu na bakuli zilizofinyangwa kwa mkono bila gurudumu. Baadhi ya bakuli zilizoopolewa mitoni zimechorwa msalaba kwenye kitako. Mwanaakiolojia Leland Ferguson aliufananisha na alama ya Wabakongo, kabila la maeneo ya Kongo na Angola, ambao kwao maji ni mpaka wa walio hai na wafu. Wapo wanaombishia. Mimi namsikiliza, kwa sababu bakuli la kulia tu halihitaji alama mahali pasipoonekana.

Vinu, michi na nyungo ni nadra kuvikuta ardhini. Lakini wazao wao, Wagullah, bado wanashona nyungo za nyasi. Mwambie kaka yako avuke daraja aende Mount Pleasant, akina mama wanaziuza kando ya barabara kuu. Aulizie ule mpana wa kupepetea, akuletee.