Barafu za ubuyu kuwa ngumu kama jiwe: shida iko kwenye juisi

Dada, hilo ulilouliza, kwamba barafu zako zinakuwa ngumu kama jiwe na mtoto akifyonza mara tatu utamu na rangi vinaisha, hata mimi lilinitesa nilipoanza kuwauzia watoto wa shule hapa Tabata. Nilisingizia friji, nikaazima friza ya jirani, wapi! Kumbe nilikuwa nagandisha juisi ya kunywa.

Juisi ikianza kuganda, yanayotangulia ni maji. Sukari na ubuyu vinasukumwa pembeni, ndiyo maana mtoto anavifyonza vyote mwanzoni, anabaki na barafu nyeupe. Dawa yake ni sukari ya kutosha na uzito.

Mimi naloweka nusu kilo ya ubuyu kwenye lita tatu za maji yaliyochemshwa, yakiwa ya uvuguvugu. Saa moja tu, kisha naukoroga na mwiko mpaka mbegu zibaki uchi, nachuja. Weka sukari nusu kilo, na ubuyu ukiwa mkali sogea hadi robo tatu. Onja: ukiona imezidi utamu kidogo, hapo ndipo. Ulimi ukipata baridi hausikii sukari vizuri, kwa hiyo iliyo sawa leo jioni kesho itakuwa chapwa.

Sasa uzito. Vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ngano, vikoroge na maji baridi kwenye kikombe mpaka visiwe na madonge. Bandika juisi jikoni, ikianza kuchemka mimina ule unga huku unakoroga, usiuache mkono. Inatakiwa ifanane na uji mwepesi wa mgonjwa. Usiepue mpaka harufu ya unga mbichi iishe, la sivyo wateja wataisikia (watoto wa siku hizi wana maneno, mmoja aliniambia mama, hii umetia chapati). Iliki na vanila tia ukishaepua. Maziwa kama unapenda, subiri ipoe kabisa na utumie ya unga. Ubuyu una ukali, ukiyatia kwenye moto yanakatika unapata mtindi.

Kwenye vifuko usijaze mpaka shingoni. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na mimi nilishaamka asubuhi nikakuta vifuko kumi na kitu vimepasuka, friza nzima nyekundu ya rangi ya ubuyu. Acha vidole viwili kabla ya fundo. Vipange vimelala, safu moja, vigusane na sakafu ya friza, tena vikiwa vya baridi. Ukivirundika moto moto vinaganda polepole, chenga zinakuwa kubwa, unarudi kulekule.

Umeme ukikatika zikayeyuka, usizirudishe hivyo hivyo. Ubuyu unatuama chini na juu yanabaki maji. Mimi hizo nazifungua wananywa wa nyumbani.

Ukwaju unakwenda kwa hesabu hiyo hiyo, ila sukari haiteremki chini ya robo tatu. Embe dodo lililoiva halihitaji ngano, lina rojo lake. Tikiti achana nalo, nimelijaribu mara mbili, ni maji matupu.