Jibu: Mahindi ya mbegu niliyojiwekea yameota marefu kwa mafupi

Salaam ndugu. Nimekuelewa: huko Muheza masika haya umepanda punje za mavuno yaliyopita, mbolea ileile, lakini mengine marefu, mengine mafupi, na yamebeba mahindi madogo.

Kabla hujalaumu udongo, tazama mfuko wa mbegu wa mwaka jana. Umeandikwa chotara, yaani mbegu ya kuchanganya wazazi wa aina mbili? Basi shida ni hiyo. Chotara hulingana kizazi cha kwanza tu; ukirudia punje zake, sifa za wazazi hutawanyika na nguvu hupungua. Kwangu hata ndevu ziliachana rangi, nyekundu na za kijani mstari mmoja.

Chotara nunua kila msimu. Ukitaka kujiwekea mbegu, panda Staha au TMV-1, aina zisizo chotara, uchague ya katikati ya shamba. Ya pembeni hupata chavua ya jirani.