Usinunue hiyo RAM kabla hujaiuliza laptopu yenyewe

Mkuu, simama hapo hapo. Usitume hiyo pesa.

Umeandika kwamba una laptopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) GB 4, unataka ifike 16, utie na SSD (diski ya kasi isiyozunguka), na ujue hali ya betri. Unaomba amri za kuonesha kila kilichomo ndani bila kuifungua. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, umeongeza: fundi ameshakuambia kizazi cha 6 kinatumia RAM ya aina ya DDR4, kesho unamtumia hela akununulie mbili za GB 8. Niliposoma huo mstari niliweka kikombe chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Tanga, na yalinitoka shilingi 490,000.

Nina duka la steshenari Ngamiani. Mwaka juzi nilinunua laptopu nne za mtumba, zote za aina moja, kwa ajili ya vijana wanaokuja jioni kujifunza kompyuta na wanaojaza fomu mtandaoni. Kila moja ilikuwa na GB 4, na mtoto akifungua kurasa saba nane inaganda, foleni inafika mlangoni. Nikamwita fundi. Simtaji, lakini bado yupo na bado anapokea kazi za watu. Akaitazama stika ya prosesa pembeni mwa kibodi, akasema: "Hii kizazi cha 6. Kuanzia hapo kwenda mbele zote DDR4. Sloti mbili. Tia nane nane." Hakulegeza hata skrubu moja. Hakuiwasha. Alisoma stika tu, mkuu, stika ambayo hata mimi ningeweza kuisoma!

Nikaagiza vipande vinane Dar, 60,000 kila kimoja, na 10,000 ya mzigo kwenye basi. Nilivifuata mwenyewe stendi ya Kange, nikarudi na bodaboda nimevikumbatia kifuani.

Tukafungua ya kwanza. Sloti, yaani tundu la kuchomekea RAM, ilikuwa moja. RAM iliyokuwemo haikuwa kipande cha kuchomoa, zilikuwa chipu zimechomelewa kwenye bodi moja kwa moja. Kwa hiyo vipande vinne kati ya vile vinane havikuwa na pa kukaa tangu siku nilipovilipia. Na hiyo sloti moja nayo ikakataa. Ule mkato mdogo ulio kwenye ukingo wa RAM, unaotakiwa kukaa juu ya kijino cha sloti, ulikuwa pembeni ya kijino. Ukikitazama unaona kabisa kwamba hapa hapaingii. Fundi akasema zinabana kwa sababu ni mpya. Akaweka vidole gumba viwili, akaminya. Nikasikia "ta". Kishikizo cha sloti kimevunjika. Laptopu ile hadi leo inakwenda na GB 4 zake za kuchomelewa, haiongezeki tena.

Sababu nimekuja kuijua baadaye, na ndiyo inayoniuma. Prosesa za Intel za kizazi cha 6, zile walizoziita Skylake, zilizotoka 2015, zinakubali RAM za kuchomoa za aina mbili: DDR4 na DDR3L. Mtengenezaji wa laptopu ndiye aliyechagua ipi aiweke. Kwa hiyo wapo wenye i5 ya kizazi cha 6 na DDR4, na wapo wenye i5 hiyo hiyo na DDR3L, na stika zao zinafanana. DDR3L ya laptopu ina pini 204 na inatumia volti 1.35. DDR4 ya laptopu ina pini 260 na inatumia volti 1.2. Haziingiliani hata ukazisomee dua. Anayekuambia "kizazi fulani ni DDR fulani" kwa kizazi hiki anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa yako.

Nilipopiga simu dukani Dar nikajibiwa nisome risiti. Chini pamepigwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikawa naviuza kimoja kimoja, 35,000, kingine 30,000, kwa muda wa miezi.

Sasa aliyenifungua macho ni kijana wa chuo aliyekuja kuprinti ripoti. Nikamsimulia, akatoa mfukoni flashi yenye Ubuntu (mfumo wa kuendesha kompyuta, mbadala wa Windows), akawasha laptopu kwa hiyo flashi, akachagua kujaribu bila kuisakinisha (diski yako haiguswi), akafungua terminali (dirisha la kuandika amri), akaandika:

sudo dmidecode -t memory

Majibu yalikuja papo hapo. Nimeyanakili kwenye daftari la duka, mistari yenyewe ni hii:

Maximum Capacity: 16 GB
Number Of Devices: 2
Size: 4 GB
Form Factor: Row Of Chips
Type: DDR3
Configured Voltage: 1.35 V

Na chini yake, kifaa cha pili: Size: No Module Installed.

Kila kitu kimo humo. "Row Of Chips" maana yake zimechomelewa, hazitoki. "No Module Installed" ni sloti tupu. "Type" ndiyo aina. DDR3L nayo itaandikwa DDR3, unaitambua kwa ile 1.35. Isikupe tabu "Number Of Devices: 2" ukadhani ni sloti mbili, soma kila kifaa peke yake. Na kwako hesabu ni hii: ikiwa GB 4 zimechomelewa na sloti ni moja, ukitia 8 unapata 12. Haifiki 16 unayoitaka, na ile 8 ya pili inabaki kabatini.

Ukiwa kwenye Windows, fungua PowerShell uandike:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select-Object DeviceLocator, Capacity, SMBIOSMemoryType, FormFactor

SMBIOSMemoryType ikiwa 24 ni DDR3, 26 ni DDR4, 34 ni DDR5. FormFactor 12 ni kipande cha laptopu cha kuchomoa. Hii inaorodhesha RAM iliyomo tu, sloti tupu haitaji, ndiyo maana mimi napendelea ile ya Ubuntu. Amri ya systeminfo wanayoisambaza kila mahali inakupa jumla ya RAM basi. Kujua jumla ni GB 4 hakukuambii ununue nini.

Jambo moja lazima niliseme: dmidecode haipimi chochote, inasoma jedwali ambalo mtengenezaji aliliandika kwenye bayosi (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta), na wengine waliliandika kwa uzembe. Unaweza kukuta mahali pa "Row Of Chips" pameandikwa SODIMM, yaani kipande cha kuchomoa. Kwa hiyo ukishasoma, fungua mfuniko wa chini uone kwa macho, na kama kipande kinatoka, soma lebo yake: PC3L ni DDR3L, PC4 ni DDR4. Amri kwanza, bisibisi pili, pesa mwisho. Mimi sasa sipokei kazi ya RAM dukani bila kufuata hivyo, hata mteja aje amekasirika.

Kwa SSD, lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA,MODEL. ROTA ikiwa 1 ni diski ya kuzunguka, 0 ni SSD. Lakini hilo, pamoja na la betri, si la kesho. La kesho ni RAM.

Tafuta flashi yenye Ubuntu usiku huu, endesha hiyo amri, ubandike majibu hapa chini nzima nzima, usichague mistari. Nitakaa macho. Na fundi akipiga simu asubuhi akasema duka linafungwa au bei inapanda, muulize swali moja tu: kwenye hii laptopu yangu, Form Factor inasema nini?