Misa ya lugha ya nyumbani wakati wa vita

SWALI

Ndugu Mhariri, babu yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi hapa Lubumbashi, na sisi wajukuu tumezaliwa Katuba. Katika parokia yetu kuna misa ya Tshiluba, na kila siasa inapochafuka tunasikia watu wakisema kwamba anayesali kwa lugha ya kwao, moyo wake umebaki kwao. Mwanangu, ambaye ni mwalimu, huwajibu kwa mfano wa Wahungaria waliohamia Marekani, kisha nchi hizo mbili zikapigana. Je, makanisa yao yalishika upande gani?

Mama wa Katuba

JIBU

Mama, mfano wa mwanao ni mzuri, lakini hauwapi ushindi wote wale anaowatetea. Wahungaria wengi waliofika Marekani kabla ya 1914 walikuwa watu wa vijijini waliokwenda kuchimba makaa ya mawe Pennsylvania na kuyeyusha chuma Ohio, wakiwa na nia ya kuweka akiba, kurudi na kununua shamba, na kwa hiyo wengi hawakuharakisha kuomba uraia. Kanisa ndilo lililowakusanya: mjini Cleveland Wakatoliki walianzisha parokia ya Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria mwaka 1892, na Waprotestanti wa Reformed (madhehebu yanayofuata mafundisho ya Calvin) walikuwa na makanisa yao.

Marekani ilipotangaza vita dhidi ya Austria-Hungaria, dola ambayo Hungaria ilikuwa sehemu yake, tarehe 7 Desemba 1917, asiye na uraia aligeuka raia wa nchi adui, huku akiendelea kufanya kazi katika viwanda vilivyolisha jeshi la Marekani, na pengine ndugu yake wa tumbo moja yuko vitani upande wa pili. Wengi walinunua hati za mkopo wa vita, na vijana wao wakavaa sare ya Marekani. Hawakuwa wageni wa jana: Michael Kovats, Mhungaria, alikufa mwaka 1779 akipigania uhuru wa nchi hiyo.

Hata hivyo shaka ya majirani haikutoka hewani kabisa. Kabla ya vita, serikali ya Budapest ilikuwa ikisaidia kwa fedha baadhi ya makanisa ya wahamiaji ili wasiisahau nchi yao, na kuanzia 1904 baadhi ya makanisa ya Reformed yaliwekwa chini ya mamlaka ya kanisa la Hungaria. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jirani alikuwa na haki ya kuliuliza: mchungaji huyu analipwa na nani, na anamtii nani? Vita vilikata uhusiano huo, kisha mkataba wa Trianon wa 1920, wa amani baada ya vita hivyo, ukaivua Hungaria karibu theluthi mbili za ardhi yake, hata mhamiaji akakuta kijiji chake kimekuwa cha Rumania au Chekoslovakia (sijui wenye kudai uaminifu wangemtaka awe mwaminifu kwa nani hapo). Mwaka 1921, katika mji wa Tiffin, Ohio, makanisa hayo yalikabidhiwa kwa kanisa la Reformed la Marekani. Baadhi yalikataa, na mwaka 1924 yakaunda kanisa lao huru, lisilo chini ya Budapest wala chini ya Wamarekani, likaendelea kusali Kihungaria.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Hungaria ilipotangaza vita Desemba 1941, Marekani ilingoja hadi Juni 1942 kuijibu, na Wahungaria hawakuwekewa masharti waliyowekewa Wajapani, Wajerumani na Waitaliano.

Kuhusu parokia yenu, Mama, swali la nani anamtuma padri lina jibu jepesi: ni Askofu Mkuu wa Lubumbashi, yule yule anayemtuma padri wa misa ya Kiswahili. Na wanaowasema wakumbushwe kwamba Wakasai waliofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993 hawakuulizwa wanasali kwa lugha gani; wengi wao walizaliwa hapa hapa, na Kiswahili ndicho walichokuwa wakizungumza barabarani.